Mpiga Ngoma wa Kwenye Sinema: Je, Apiga Kweli?

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyonena wahenga, wala hawakukosea. Lakini anayeketi mbele ya sinema hupewa kazi mbili kwa wakati mmoja: macho yatazame mkono wa mpiga ngoma, na masikio yasikilize mlio wa ngoma yake, kisha akili ikae katikati kama hakimu, ipime iwapo mashahidi hao wawili wanasema neno moja. Mara nyingi hawasemi neno moja. Mkono umeshuka, mlio haujatoka. Au mlio umekwisha kutoka, mkono ungali hewani. Mtazamaji asiyewahi kugusa ngoma hupita bila kujali. Aliyekulia ngomani hucheka, au hukasirika.

Jambo hili lina maelezo yake. Katika filamu nyingi, mtu tunayemwona ameshika gita, fidla au tarumbeta siye atoaye sauti tunayoisikia. Yeye ni mwigizaji, aigiza kupiga. Sauti imetoka kwa fundi mwingine, siku nyingine, katika chumba kingine. Makala haya yanaeleza kwa nini hufanywa hivyo, jinsi mtazamaji awezavyo kutambua uigizaji mzuri na mbaya, na kwa nini katika pembe ya kaskazini ya Cabo Delgado neno hili lina uzito kuliko lionekanavyo.

KWA NINI MUZIKI HUNASWA KWANZA

Namoto iko ukingo wa kusini wa mto Ruvuma, si mbali na mahali mto huo unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ng'ambo yake, upande wa Tanzania, ni Kilambo katika mkoa wa Mtwara. Ni kituo cha mpakani, na askari wa mpakani, wa ukingo huu au ule, kazi yake ya kila siku ni kutazama: uso wa msafiri, karatasi zake, mzigo wake, na mikono yake. Basi na tuseme kwamba mtengeneza filamu amefika Namoto na kamera yake, akitaka kumwonyesha mpiga ngoma kando ya mto.

Mara moja atakutana na taabu mbili. Ya kwanza ni upepo. Upepo wa baharini uingiapo katika kipaza sauti huvuma kama gari kubwa, ukaumeza mlio wa ngoma ndogo. Taabu ya pili ni kubwa zaidi, nayo haiwezi kuzuiwa kwa kitambaa wala kwa kigae cha mti. Filamu haipigwi kwa mkupuo mmoja. Mwongozaji hutaka kwanza kumwona mpigaji kwa mbali pamoja na mto, kisha atake uso wake, kisha mikono, kisha wachezaji. Kwa kamera moja, hapana budi mpigaji arudie mara nne. Naye kwa kuwa ni mtu, wala si saa, hatarudia kwa mwendo ule ule. Mara ya pili atakuwa amepashika moto, atakwenda mbio zaidi. Mara ya nne atakuwa amechoka, atakwenda polepole. Vipande hivyo vikiunganishwa, muziki utaruka kama mkanda uliokatika.

Kwa hiyo mafundi waliona njia hii: muziki unaswe kwanza, mara moja, mahali patulivu. Kisha siku ya kupiga picha urejeshwe kwa spika, na wapigaji waufuate kwa mikono yao. Hapo picha zaweza kupigwa mara kumi, na zote zitakubaliana na sauti moja. Kwa hiyo kuigiza kupiga, kwa asili yake, si udanganyifu. Hata fundi wa kweli huigiza kipande chake mwenyewe. Ubaya huanza pale ambapo anayeshika ala hajui inavyoshikwa, wala hakuna aliyejali kumfundisha.

SEKUNDE NA FREMU

Askari anajua kanuni moja ambayo raia wengi hawaifikirii. Mzinga ufyatuliwapo mbali, mwako huonekana kwanza na kishindo hufuata baadaye. Nuru hufika papo hapo; sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Aliye umbali wa mita 340 husikia kishindo sekunde 1 baada ya kuona mwako. Ngoma nayo ni hivyo hivyo. Ukimtazama mpiga ngoma aliye mita 170 kutoka kwako, mkono wake utaonekana umegonga nusu sekunde kabla ya mlio kukufikia. Huo si uongo. Ndivyo ulimwengu ulivyo.

Sinema, kinyume chake, huifuta kanuni hiyo. Hata mpigaji akionyeshwa yuko mbali kilimani, mlio wake huletwa sikioni pamoja na pigo lake. Watazamaji wamezoea hivyo, nao huona ajabu ikiwa kinyume. Filamu ya sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, yaani kila picha moja husimama kwa sehemu ya 24 ya sekunde. Katika muda huo mfupi sauti husafiri mita 14 tu. Mtu aketiye nyuma ya ukumbi mkubwa tayari anasikia kwa kuchelewa fremu moja au mbili, wala hajui. Lakini kosa likifika fremu nne au tano, hata mtoto huhisi kwamba kuna jambo halikukaa sawa, ijapokuwa hawezi kulitaja.

Hapa haki yatudai tuwe waangalifu, kama polisi anavyopaswa kuwa mwangalifu kabla ya kumtia mtu hatiani. Kosa laweza kuwa si la mwigizaji. Katika mikanda ya milimita 16, ile iliyozungushwa vijijini kwa magari ya sinema, sauti haikuchapwa kando ya picha yake, bali ilitangulia kwa fremu 26, yaani zaidi kidogo ya sekunde 1. Sababu ni kwamba ndani ya mashine, jicho la kusoma sauti liko mbali na taa ya picha. Kati ya viwili hivyo, mwendeshaji alipaswa kuacha kitanzi cha mkanda chenye urefu maalumu. Kitanzi kikizidi au kikipungua, midomo na mikono ya kila mtu katika filamu hukosana na sauti. Ikiwa basi midomo ya wasemaji nayo imechelewa, lawama ni ya mashine. Ikiwa wasemaji wako sawa na mpiga gita peke yake amepotea, hapo tumempata mkosaji.

ISHARA ZA KUMTAMBUA ASIYEJUA

Tuanze na ala ambayo kila askari anaijua: tarumbeta fupi la kambini, lile la kuamshia na la kulalia. Tarumbeta hilo halina vitufe. Sauti zake zote, za juu na za chini, hutoka katika mkazo wa midomo na nguvu za pumzi. Mwigizaji achezeshaye vidole juu yake, kana kwamba abonyeza kitu, amejitangaza mbele ya kikosi kizima. Aidha, tazama kifua na mabega. Mpulizaji hana budi kuvuta pumzi, nayo huvutwa pale muziki unapokata, si katikati ya sauti ndefu. Ukimwona akitweta huku sauti yaendelea bila mkato, ujue pumzi ile si yake.

Katika gwaride, pigo la ngoma kuu huenda na mguu wa kushoto. Aliyekwata kwa miaka hahitaji kufikiri. Mwili wake wajua. Ndiyo maana filamu iliyobandikwa sauti ya bendi bila uangalifu humsumbua askari kuliko mtu mwingine yeyote: aona mguu wa kulia ukikanyaga palipo pigo la kushoto, na nyayo zake mwenyewe chini ya kiti zataka kusahihisha.

Kwa gita, tazama mkono wa kushoto. Sauti ikipanda juu kwa waya ule ule, mkono hushuka kuelekea tumbo la gita. Mkono usiosogea huku sauti ikipanda na kushuka ni mkono wa sanamu. Kwa gita la umeme, tafuta waya. Zipo video nyingi za nyimbo ambamo mpigaji arukaruka ufukoni na gita la umeme lisilo na waya wala kipaza sauti karibu, na mawimbi ya bahari ndiyo umeme wake! Kwa fidla, upinde ukigeuka, sauti nayo hubadilika. Upinde uendao na kurudi wakati sauti ni moja iliyonyooka ni ushahidi tosha. Kwa kinanda, sauti nzito ziko kushoto na nyembamba ziko kulia.

Na kwa ngoma, mambo ni matatu. Kwanza, mahali pa kupiga: katikati ya ngozi hutoa sauti nzito, pembeni hutoa sauti kali. Pili, mkono wa fundi hugusa na kuondoka, kwa kuwa mkono ukaao juu ya ngozi huua mlio. Tatu, uzito: pigo kubwa hutoka begani, na mwili wote hulijua. Mwigizaji asiyejua hupapasa kwa vidole huku spika zikitoa ngurumo.

WALIOJITAHIDI UGENINI

Watengeneza filamu wa nje walihangaika na jambo hili tangu zamani. Katika filamu ya Marekani iitwayo Humoresque, ya mwaka 1946, John Garfield aliigiza mpiga fidla, na muziki wenyewe ulipigwa na Isaac Stern. Kwa picha za karibu, mafundi wawili wa fidla walijificha nyuma ya mwigizaji. Mmoja akatoa mkono wa kubonyeza nyuzi, mwingine mkono wa kuvuta upinde, naye mwenye uso akabaki na kazi ya uso. Watu watatu wakawa mpigaji mmoja!

Wengine walichagua njia ya jasho. Tom Hulce, aliyeigiza Mozart katika Amadeus ya mwaka 1984, alifanya mazoezi ya kinanda siku baada ya siku, ili vidole vyake viende panapostahili, ijapokuwa muziki ulikwisha kunaswa chini ya uongozi wa Neville Marriner. Forest Whitaker alijifunza saksafoni ili amwigize Charlie Parker katika Bird ya mwaka 1988. Sauti tunayoisikia ni ya Parker mwenyewe, imetolewa katika sahani za zamani na kuwekewa wapigaji wapya nyuma yake. Katika The Piano ya mwaka 1993, Holly Hunter alipiga kinanda yeye mwenyewe.

Njia ya tatu ni fupi kuliko zote: mchukue mwanamuziki, umfundishe kuigiza. Bertrand Tavernier wa Ufaransa alifanya hivyo mwaka 1986 katika Round Midnight. Alimpa kazi Dexter Gordon, mpiga saksafoni wa kweli, na muziki ukanaswa pale pale picha zilipopigwa. Mwaka uliofuata, huko Kongo, Papa Wemba aliongoza waigizaji wa La Vie est Belle, filamu ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, akiigiza mwanamuziki atafutaye riziki Kinshasa. Nani angemfundisha Papa Wemba jinsi ya kusimama mbele ya bendi?

Afrika Mashariki nayo haikukosa watu wa namna hiyo, na wengi wao walivaa sare. Katika miaka ya 1970 na 1980 Tanzania ilikuwa na Polisi Jazz, wana Vangavanga. Ilikuwa na Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, wana Paselepa. Ilikuwa na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Hao walikuwa askari, na walikuwa mafundi. Mwongozaji aliyetaka kuona mkono wa kweli juu ya gita hakuhitaji kwenda mbali kuliko lango la kambi.

KUIGA KUSIKO NA AIBU

Wala mtu asidhani kwamba kuiga ni kitu kigeni kwetu. Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, vijana walianza kuziiga bendi za majeshi ya Wazungu, wakaziita ngoma zao beni. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipopeleka askari na wapagazi huku na huko, beni ikasambaa Tanganyika nzima pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na gwaride. Kando ya Ziwa Nyasa, watu wasiokuwa na matarumbeta ya shaba walitengeneza malipenga: vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mwimbaji huimba ndani yake, na sauti hutoka ikinguruma kama tarumbeta.

Huko ni kuiga, lakini kuiga kwa aliyetazama na kusikiliza kwa makini. Mpiga malipenga hajifanyi kuwa na tarumbeta. Anaonyesha jinsi tarumbeta linavyomwingia mtu masikioni, na pumzi inayotoka ni yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuiga na kubabaisha.

MUEDA, NA PICHA ZISIZO NA SAUTI

Turudi Cabo Delgado. Tarehe 16 Juni 1960, katika mji wa Mueda, wanajeshi wa Kireno waliufyatulia risasi umati wa watu. Baada ya uhuru wa 1975, wakazi wa Mueda walikuwa wakiliigiza tukio hilo wao wenyewe mahali lilipotokea, na mwaka 1979 mwongozaji Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji, akaligeuza igizo hilo kuwa filamu, Mueda, Memória e Massacre, inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Msumbiji huru. Waigizaji hawakuletwa kutoka mji mkuu. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha jinsi ofisa alivyosimama au jinsi askari wa kikoloni alivyoshika bunduki, kwa kuwa habari hiyo ilikuwa ya kwao. Aliyeona huigiza vizuri kuliko aliyesimuliwa.

Kabla ya hapo, kati ya 1958 na 1961, mtafiti mwanamke aitwaye Margot Dias alikuwa amepiga filamu za milimita 16 miongoni mwa Wamakonde. Alikuwa Mjerumani aliyesomea kinanda kabla ya kuwa mtafiti, na mwaka 1986 kitabu chake juu ya ala za muziki za Msumbiji kilichapishwa. Kamera yake haikunasa sauti. Sauti alizichukua kando, kwa kinasa sauti. Kwa hiyo ziko picha zenye mikono isiyo na mlio, na mikanda yenye mlio usio na mikono.

Mtu wa pupa angesema: chukua mlio wowote wa ngoma, ubandike juu ya picha yoyote, nani atajua? Atajua Mmakonde. Katika mapiko, mchezaji avaaye kinyago cha mti hafuati ngoma kwa mbali. Huambatana nayo pigo kwa pigo. Ngoma zikikata, naye hukata. Zikitetemeka, naye hutetemeka. Ziko ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, huchomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo nyembamba, na ziko kubwa za kutia uzito, na ngozi zake hukazwa kwa moto kabla ya kuanza. Ukibandika mlio usio wake, mchezaji ataonekana kama mtu aliyelewa, asimama pasipo na kituo na kukimbia pasipo na wito. Tena atakuwa amesingiziwa, kwa maana siku ile, mbele ya watu wake, hakukosea.

PANAPOUMA

Hapa ndipo neno hili linapoacha kuwa mzaha wa ukumbi wa sinema. Tarehe 5 Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, ambao Namoto imo katika wilaya yake, ulivamiwa. Mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado walihama makwao. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, hubeba chungu, hubeba nguo. Ngoma kubwa hubaki. Na hata ikibebwa, yule fundi mzee huenda amekwenda kambi nyingine, na vijana wake wametawanyika.

Ngoma haiandikwi kitabuni. Hujifunzwa kwa kumtazama anayejua, mkono kwa mkono. Mtoto aliyekulia mbali na uwanja wa kwao huenda akaiona ngoma ya babu zake kwa mara ya kwanza katika kioo cha simu. Ikiwa mkono ule wasema kweli, mtoto ana mwalimu. Ikiwa ni mkono wa mwigizaji apapasaye tu, na mlio umetoka katika mashine ya mjini, mtoto atajifunza uongo kwa bidii, naye atawafundisha wengine. Vita vitakuwa vimechukua uwanja, na uzembe utakuwa umechukua kilichobaki.

Kwa hiyo anayetaka kuonyesha ngoma za pwani hii katika filamu ana wajibu ulio wazi. Amtafute mpigaji wa kweli na amlipe. Ikiwa lazima mwigizaji aonekane, basi akae na fundi huyo kwa siku nyingi, ajifunze angalau kipande kimoja kitakachoonyeshwa. Muziki wa kufuatwa unaswe kwa ngoma za mahali hapo hapo. Jina la mpigaji liandikwe mwishoni pamoja na majina ya wengine, kama aridhia. Na kuwe na mtu mmoja mwenye kujua, aketiye kando ya mkataji wa filamu, mwenye ruhusa ya kusema: hapana, pigo hilo limechelewa.

Nawe askari uliye zamu katika mwambao huu, huenda siku moja, hali ikiwa shwari na wenyeji wakiwa wameridhia, ukainua simu yako kunasa ngoma ya kijiji. Kumbuka kwanza kuomba ruhusa, maana si kila ngoma ni ya macho ya wageni. Ukiruhusiwa, simama karibu ili mlio na mkono vifike pamoja. Onyesha mikono yote miwili na ngozi ya ngoma, si uso peke yake. Usikatekate, acha pigo liende hadi mwisho wake. Wala usibandike muziki mwingine juu yake, hata kama mwingine huo wakupendeza zaidi. Kipande cha dakika tano kilichonaswa hivyo chaweza kumfaa mtoto wa Namoto kuliko filamu ya saa mbili iliyopambwa. Wewe umezoezwa kutoa taarifa ya ulichokiona na ulichokisikia, bila kuongeza wala kupunguza. Na ngoma nayo yastahili taarifa ya namna hiyo.